Rangi ya Ng'ombe na Hesabu ya Fahali Siyu

Siyu inajulikana kwa ngome yake, kwa misahafu iliyonakiliwa kwa mikono ya waandishi wake, na kwa kazi ya ngozi. Ng'ombe aliyeitoa ngozi hiyo hatajwi sana, ingawa ni mkaazi wa zamani wa kisiwa cha Pate. Mifupa ya ng'ombe ilifukuliwa Shanga, magofu yaliyo jirani na Siyu, katika uchimbaji ulioongozwa na Mark Horton miaka ya 1980. Na katika karne ya 19, Siyu ilipokuwa na nguvu ya kuyarudisha nyuma majeshi ya Seyyid Said, mji ulikuwa na pande mbili zenye masheikh wao: Wafamao kwa upande mmoja, na upande wa pili watu wa asili ya Kisomali, ambao jamaa zao wa bara waliishi kwa mifugo. Mpaka mji uliposhindwa mwaka 1863, wakati wa Seyyid Majid, mafundi wake walikuwa wakishona viatu, mikanda, ala za majambia na majalada ya vitabu.

Swali ninalolichambua hapa ni la mfugaji. Anapochagua dume la kupanda majike yake, rangi iwe na uzito gani? Je, kuna faida kutafuta kundi zima jeupe, au lote jekundu, au lenye mabaka ya kupendeza? Jibu langu nalitoa mapema, kisha nilitetee: rangi ina maana, tena maana kubwa kuliko wanavyodhani wataalamu wengi wa maziwa na nyama. Lakini kisiwani, mahali fahali ni wachache na bahari imezunguka pande zote, rangi ikitangulizwa mbele ya sifa nyingine hula kitu ambacho hakirudi kwa urahisi.

Tuanze na ngozi yenyewe, maana ndipo mtu angetarajia rangi iwe na bei. Haina. Fundi wa makubadhi hupokea ngozi iliyokwisha kutolewa nywele, na rangi ya manyoya huondoka pamoja nazo. Ngozi ya ng'ombe mweusi na ya mweupe hutoka kwenye dawa ya kulainishia zikiwa karibu sawa. Kinachomkera fundi ni matundu ya kupe, mikwaruzo ya miiba, na zaidi ya yote chapa ya moto iliyopigwa ubavuni, mahali penye ngozi pana na nzuri. Anayetaka kuisaidia kazi ya ngozi ya Siyu angemwogesha ng'ombe dawa ya kupe na kuhamisha chapa kwenye paja au shavu, kabla ya kufikiria rangi. Afrika Kusini mambo ni tofauti: ngozi za ng'ombe wa Nguni huuzwa zikiwa na manyoya yake, zatandikwa sakafuni, na mabaka yake ndiyo bei. Lakini soko hilo limejengwa juu ya makundi makubwa ya nchi kavu na mafundi waliozoea kutunza manyoya. Siyu haina hata kimoja katika hivyo, na sioni sababu ya kukitafuta.

Bei ya rangi inaonekana zaidi msimu wa Idi. Katika vitabu vya fiqhi ya Shafii, ambayo ndiyo madhehebu ya watu wa pwani, udhiya husihi kwa rangi yoyote, na ng'ombe mmoja hutosha watu saba. Kinachoharibu ni kasoro: chongo, kilema, maradhi, ukondefu uliokithiri. Hata hivyo mafakihi wamepanga ubora, wakamtanguliza mnyama mweupe, kisha wa manjano, na mweusi akaja nyuma. Kwa hiyo mwenye dume jeupe lililonona anaweza kulipata neno zuri sokoni siku hizo, na haki yake.

Lakini kisa kikubwa zaidi cha rangi ya ng'ombe ambacho kila mtoto wa chuoni Siyu amekisikia kimo katika sura ya pili ya Kurani, iliyopewa jina la ng'ombe. Bani Israil waliamrishwa wachinje ng'ombe. Wakauliza ni wa namna gani, wakauliza ni wa rangi gani, wakauliza tena. Na kila walipouliza waliongezewa sifa, mpaka wakatakiwa wamtafute wa manjano iliyokoza, asiyefanyishwa kazi shambani, asiye na alama yoyote. Wafasiri wanaeleza kwamba lau wangemchinja ng'ombe yeyote mwanzoni, angetosha. Naitaja habari hii kwa sababu hesabu ya ufugaji inafuata njia ileile: kila sharti unaloongeza hupunguza wanyama waliobaki wa kuchagua, na sharti la rangi hupunguza haraka kuliko mengi.

Kabla ya hesabu hiyo, haki ya rangi itolewe kikamilifu. Joto ni jambo la kwanza. Vipimo vilivyofanywa Onderstepoort, Afrika Kusini, katika miaka ya 1940 vilionyesha kwamba manyoya meupe hunyonya karibu nusu tu ya nguvu ya jua inayoyapiga, mekundu hunyonya zaidi ya robo tatu, na meusi karibu asilimia 90. Mwaka 1977 Virginia Finch na David Western walichapisha uchunguzi wa makundi ya wafugaji wa Afrika Mashariki wakiuliza hasa swali letu: je, rangi za makundi haya ni kazi ya maumbile au ni mapenzi ya watu? Walikuta kwamba rangi nyepesi huongezeka kadiri nchi inavyokuwa ya joto kali. Mapenzi ya watu yapo, lakini jua nalo linapiga kura, na ukame ukija kura yake ni nzito.

Lamu jua hilo linakuja pamoja na unyevu wa bahari, na unyevu huzuia jasho kukauka na kumpoza mnyama. Basi manyoya mepesi ni neema kwa ng'ombe anayeshinda nje mchana kutwa. Lakini itazamwe ngozi iliyo chini ya manyoya. Ng'ombe bora wa nchi zetu za joto, kama Borana, mara nyingi ana manyoya meupe au ya kijivu juu ya ngozi nyeusi: nywele zinarudisha mwanga, ngozi inazuia mionzi isichome. Mnyama mweupe mwenye ngozi ya waridi, pua ya waridi na kope zisizo na wino ni habari nyingine kabisa. Huyo huungua, na aina kama Hereford, zenye uso mweupe, zinajulikana kwa saratani ya macho mahali jua ni kali. Kwa hiyo anayemnunua dume jeupe amshike pua, amtazame ukingo wa jicho, amfunue manyoya ya ubavuni. Weupe wa nje pekee haujamwambia kitu.

Jambo la pili ni nzi. Mbung'o hufuata vivuli vyeusi na vitambaa vya buluu. Ndiyo maana mitego ya kuwanasa hushonwa kwa rangi hizo mbili. Mwaka 2019 watafiti wa Japani walipaka ng'ombe weusi michirizi myeupe mfano wa pundamilia, na nzi waumao waliotua juu yao wakapungua karibu nusu. Kwa Lamu hili si jambo dogo. Misitu ya bara, kuelekea Boni, ina mbung'o, na ugonjwa wao wa nagana ndio uliozuia mifugo katika sehemu kubwa ya pwani yetu. Unguja waliondokana na mbung'o wao kwa kampeni ya miaka ya 1994 hadi 1997, madume waliotasishwa kwa mionzi huko Tanga wakamwagwa kwa ndege juu ya kisiwa mpaka kizazi kikakatika. Lakini hata hapa rangi isipewe sifa isiyo yake. Ng'ombe wa Waorma wa Tana, ambao wengi wao ni weupe, walipofanyiwa majaribio katika ranchi ya Galana miaka ya 1980 waliihimili nagana vizuri kuliko Borana wa mashamba ya nyanda za juu. Wao na wenzao hao wanafanana rangi kwa kiasi kikubwa. Kilichowatenga ni vizazi vingi vya kuishi na mbung'o, wadhaifu wakifa na wenye damu imara wakibaki. Anayechagua weupe wa Waorma akaacha asili yao amebeba ganda.

Sasa namna rangi inavyorithiwa, kwa sababu hapo ndipo kishawishi kinapozaliwa. Rangi ni sifa rahisi kupita zote kuibadilisha. Maziwa yanaongozwa na jeni nyingi sana, kila moja ikisukuma kidogo, na chakula na maradhi vikivuruga hesabu. Itachukua miaka kujua kama fahali ametoa mabinti wazuri. Rangi unaiona siku ndama anapozaliwa. Jeni moja iliyo kwenye kromosomu ya 18 hutosha kuamua mengi kati ya weusi na wekundu. Weusi hutawala, wekundu hujificha. Ndiyo maana ng'ombe weusi wawili wanaweza kuzaa ndama mwekundu na watu wakaanza kumshuku fahali wa jirani, wakati jeni ya wekundu ilikuwa imelala ndani ya wazazi wote wawili. Zipo jeni nyingine zinazopunguza ukali wa rangi, na nyingine zinazokata rangi kabisa na kuacha mabaka meupe.

Mabaka yana tabia ya pekee. Chembe zinazotengeneza rangi huzaliwa kandokando ya uti wa mgongo wa kijusi, kisha husafiri kushuka ubavuni, tumboni na miguuni. Zikichelewa au zikiwa chache, sehemu zisizofikiwa hubaki nyeupe. Ndiyo sababu weupe hupenda tumbo, miguu na paji la uso, sehemu za mwisho wa safari. Kiasi cha weupe hurithiwa vizuri; mahali hasa doa litakapoangukia hakurithiwi. Ng'ombe wa Friesian waliozalishwa kwa kunakiliwa kutoka mnyama mmoja, jeni zao zikiwa zilezile, wametoka na ramani tofauti za mabaka. Kwa hiyo mfugaji anaweza kulifanya kundi lake liwe na mabaka mengi zaidi au machache zaidi. Kutaka kila ndama awe na nyota pajini na soksi miguu yote minne ni kuomba kisichopatikana kwa uchaguzi wa fahali.

Urahisi huu wa rangi ndio uliowaponza Wazungu waliojenga vitabu vya ukoo wa mifugo. Katika Marekani, ndama wa Holstein aliyezaliwa mwekundu na mweupe alikataliwa na daftari la ukoo mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970, hata mama yake akiwa anajaza ndoo. Damu nzuri ilitupwa kwa kosa la rangi. Sweden walikwenda mbali zaidi. Wafugaji wa ng'ombe wa milimani walipenda weupe, wakachagua weupe kizazi baada ya kizazi, na pamoja na weupe wakaongeza bila kujua kasoro ya viungo vya uzazi: majike wenye ovari zisizokua, madume wenye korodani ndogo. Kuanzia miaka ya 1930 ilibidi wanyama wakaguliwe na wenye kasoro waondolewe kwenye uzazi. Miongo mingi baadaye wanasayansi waligundua kwamba kipande cha jeni kilicholeta weupe ule ndicho kilicholeta na ugumba. Uingereza nako, mitamba weupe wa Shorthorn walijulikana kwa kasoro ya njia ya uzazi iliyobeba jina la rangi yao.

Kwetu Afrika Mashariki mapenzi ya rangi ni makubwa kuliko Ulaya, lakini yamechukua sura nyingine, na hili ndilo ninalotamani lisikilizwe. Ni kweli wapo waliopenda rangi moja. Wahima wa Ankole humtukuza ng'ombe mwekundu wa kahawia iliyoiva, bihogo, na wafalme wa Rwanda walikuwa na makundi ya inyambo yaliyolingana pembe na rangi. Lakini hayo yalikuwa makundi ya ikulu, yaliyochotwa kutoka kwenye bahari ya ng'ombe wa nchi nzima. Mfalme akimkataa ndama kwa rangi yake, ndama hakupotea. Alirudi kwa watu.

Kwa mfugaji wa kawaida, tazama Wabodi wa bonde la Omo, kusini-magharibi mwa Ethiopia. Mtafiti wa Kijapani Katsuyoshi Fukui aliyeishi nao tangu miaka ya 1970 alionyesha kwamba wanajua kurithishwa kwa rangi kwa undani: fahali huyu kwa jike yule atatoa nini, na wanachagua madume kwa ujuzi huo. Lengo lao ni kuwa na rangi na mabaka ya kila namna, kwa kuwa mila zao mbalimbali zinadai wanyama wa rangi mbalimbali, na kila mtu ana rangi iliyofungamana na jina lake. Wanueri wa Sudan Kusini, Evans-Pritchard alivyoandika mwaka 1940, wana istilahi za rangi na mabaka zinazoungana kutoa mamia ya maelezo ya ng'ombe mmoja mmoja. Waturkana na Wakaramoja nao hujiita kwa ng'ombe wao. Watu hawa wanaoijua rangi kuliko mtu mwingine yeyote duniani walitumia ujuzi huo kutunza wingi wa aina. Hakuna damu iliyofukuzwa kundini. Mapenzi yao ya rangi yalikuwa ni hifadhi.

Turudi kisiwani na kalamu mkononi. Tuseme mji una majike 60 wanaozaa na madume 2 wanaowapanda. Watu wanahesabu vichwa 62, lakini kwa kanuni ya wataalamu wa uzazi wa mifugo, kundi hilo katika kutunza damu yake ni sawa na kundi la wanyama 8, kwa sababu nusu nzima ya urithi wa ndama wote inapita kwenye tundu la madume wawili. Udugu wa damu huongezeka kwa zaidi ya asilimia 6 kila kizazi. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, linashauri usizidi asilimia 1. Na fahali akiachwa miaka mingi mpaka akampanda binti yake, robo ya jeni za ndama huyo zitakuwa zimepokewa mara mbili kutoka chanzo kimoja. Matokeo hayaji kwa kishindo. Majike wanachelewa kushika mimba, ndama wanazaliwa wadogo, wachache zaidi wanafika mwaka, na mwenyewe analaumu nyasi.

Ongeza sasa sharti la rangi. Tuseme katika majike hao 60 walinusurika ndama wa kiume 12 mwaka huu, na rangi inayotakiwa ni ya kujificha, ambayo wazazi wanayo ndani bila kuionyesha. Kwa wastani robo tu wataitokeza: ndama 3. Wale 9 wanahasiwa au wanauzwa, na katika wale 3 ndipo utafutwe mwenye miguu mizuri, mama mwenye maziwa, asili ya uvumilivu na nundu iliyojaa. Huenda hayupo. Utamchukua aliyepo kwa sababu ni mweupe. Rafiki wa rangi atasema ataagiza fahali wengine bara. Ataweza, lakini fahali wa kutoka Mokowe, Hindi au Witu lazima apakiwe chomboni, avushwe, afikishwe na maji ya kujaa, na akishafika awe na uwezo wa kuishi na kupe na maji haba ya kisiwa. Ndiyo maana madume wamekuwa wachache tangu hapo. Mbegu za mrija kutoka kituo cha taifa cha Kabete huhifadhiwa ndani ya naitrojeni ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Mtungi huo nao lazima uvuke bahari, uongezwe kila unapopungua, na mpandishaji awepo siku jike anapohitaji.

Hapo hapo liko kosa jingine la rangi ambalo linaenea Kenya nzima na Siyu haitalikwepa. Mabaka meusi na meupe yamekuwa cheti cha maziwa machoni pa wanunuzi. Mtu akimwona mtamba wa mabaka anaongeza bei, akiamini amenunua gredi. Lakini fahali wa Friesian akimpanda jike wa kienyeji, ndama wa kwanza mara nyingi hutoka mweusi karibu mwili mzima, kwa kuwa weusi hutawala na mabaka hujificha, ingawa nusu ya damu yake ni ya maziwa. Vizazi vinavyofuata, rangi na maziwa huachana kabisa: jeni ya wekundu na weusi iko kwenye kromosomu ya 18, mojawapo ya jeni mashuhuri za mafuta ya maziwa iko kwenye ya 14, na kila moja huenda njia yake. Kwa hiyo mtamba wa mabaka anaweza kuwa hana cha zaidi ya mabaka, na dada yake mweusi tii akawa ndiye mwenye kiwele. Wala Friesian halisi si mnyama wa kuachwa kwenye jua la Pate.

Ninachokiona kuwa ni sawa kwa Siyu ni mpangilio, na mpangilio huo hauhitaji ofisi kubwa. Mfugaji achague kwanza kwa mama: jike aliyezaa kila mwaka au karibu na hapo, akalea ndama bila kudhoofika wakati wa kiangazi, na hakuugua mara kwa mara. Kisha atazame mwili wa dume, miguu, kwato, korodani, hasira. Kisha aulize damu: baba yake ni nani, na je, ndiye aliyezaa majike waliomo zizini? Wakibaki wawili walio sawa katika hayo yote, achukue mwenye manyoya mepesi juu ya ngozi nyeusi, na hapo rangi imepata nafasi yake ya halali.

Ya damu ndiyo ngumu, na suluhisho lake liko katika kuungana. Siyu peke yake haiwezi kufuga madume wa kutosha. Lakini Siyu, Pate, Faza na Tchundwa zikihesabiwa pamoja, majike 200 wakiwa na madume 14 kutoka nyumba tofauti, kundi hilo lina thamani ya wanyama 52 kwa ile kanuni ya wataalamu, na ongezeko la udugu linashuka hadi chini kidogo ya asilimia 1. Miji hii inafikiana kwa nchi kavu. Fahali anaweza kuswagwa kwa miguu bila kungoja maji. Kinachotakiwa ni kwamba kila dume ahamishwe mji mwingine baada ya takriban miaka 2 au 3, kabla mabinti zake hawajafika umri wa kupandwa naye, na kwamba mtu mmoja katika kila mji awe na daftari. Mji ulionakili misahafu hauwezi kushindwa na daftari la ng'ombe. Ndani yake ziandikwe tarehe ya kuzaliwa, mama, baba, mwenye mnyama, na rangi pamoja na alama zote: nyota, soksi, mkanda wa mgongo, baka la ubavu wa kushoto. Alama hizo ndizo zitakazomtambulisha ndama miaka 3 baadaye, akiwa Faza na aliyemzalisha yuko Siyu, pasipo kumchoma chapa ubavuni.